Uwanja wa Mji wa Antigua, Guatemala

Mwanafunzi anayesoma historia ya Amerika hukutana mara nyingi na habari za Wahispania na miji waliyoijenga, lakini ni mara chache kusoma jinsi miji hiyo ilivyopangwa na kwa nini ikapangwa hivyo. Mimi nalipata nafasi ya kukaa siku nne katika mmoja wa miji hiyo, yaani Antigua katika nchi ya Guatemala, na sehemu kubwa ya siku hizo nalizipitisha katika uwanja wake ulio katikati ya mji. Mhariri ameniomba niandike habari zake. Basi nitaeleza niliyoyaona kwa macho yangu, pamoja na yale niliyoelezwa na mwenyeji wangu, ambaye ni mwalimu wa historia kama mimi.

Guatemala iko kusini ya Meksiko, na mji wa Antigua umo katika bonde lililo juu ya bahari kwa mita 1,500 na zaidi kidogo. Asubuhi kuna baridi, na mgeni atokaye pwani hana budi kuvaa sweta. Bonde limezungukwa na milima, na mitatu kati yake ni ya volkano. Ulio karibu zaidi na mji, upande wa kusini, huitwa Agua, maana yake Maji, nao una kimo cha mita 3,760. Umechongoka vizuri kama pia iliyopinduliwa. Upande wa magharibi iko miwili iliyoshikamana, Acatenango na Fuego. Fuego maana yake Moto, na jina hilo si la bure, kwa kuwa mlima huo hutoa moshi na majivu hata leo. Tarehe 3 Juni 2018 ulilipuka kwa nguvu ukafunika vijiji vilivyo chini yake, na watu wengi wakafa. Nimetaja milima hii mapema kwa sababu habari zote za uwanja huu zinafungamana nayo.

Uwanja wenyewe ni wa mraba, na kila upande una jengo lake. Mtu akisimama katikati akitazama mashariki, mbele yake liko kanisa kuu, jeupe, lenye sanamu za watakatifu katika vishimo vya ukuta. Kusini iko nyumba ndefu ya ghorofa mbili yenye matao ya mawe chini na juu. Hiyo ilikuwa nyumba ya gavana, aliyeitwa Kapteni Jenerali, na humo mlikuwa na mahakama kuu, hazina ya mfalme na mahali pa kupigia fedha. Kaskazini iko nyumba ya baraza la mji, nayo pia ina matao juu na chini. Magharibi ni safu ya maduka, na mbele yake baraza refu lenye nguzo, watu wapate kununua na kuuza bila kuchomwa na jua wala kunyeshewa. Kwa Kiswahili neno baraza ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba, na ni mkutano wa wazee pia. Pale kaskazini ya uwanja maana zote mbili ziko katika jengo moja.

Basi kwa tazamo moja mtu aliona kanisa, serikali, mji na biashara. Hilo halikutokea kwa bahati. Mwaka 1573 Mfalme Philip wa Pili wa Hispania alitoa amri ndefu juu ya namna ya kujenga miji mipya katika nchi alizotawala ng'ambo, na sehemu kubwa ya amri hiyo ni juu ya uwanja. Iliagizwa kwamba mji uanze kupimwa kutoka uwanjani, kisha barabara zinyoshwe kwa kamba kuelekea malangoni. Mji ukiwa pwani, uwanja uwe karibu na mahali pa kushukia merikebu. Ukiwa bara, uwe katikati. Urefu wake uwe angalau mara moja na nusu ya upana, kwa kuwa umbo hilo linafaa kwa sikukuu zenye michezo ya farasi. Usipungue futi 200 kwa 300, wala usizidi futi 532 kwa 800, na kipimo kizuri cha wastani ni futi 400 kwa 600. Hicho cha wastani ni kama viwanja viwili na nusu vya mpira. Tena pembe za uwanja zielekee pepo kuu nne, ili upepo usiingie moja kwa moja katika barabara zitokazo hapo. Mahali penye baridi barabara ziwe pana, na penye joto ziwe nyembamba. Watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa hilo la mwisho. Mtu aliyepita katika vichochoro vya Lamu saa saba mchana anajua faida yake.

Jambo kubwa zaidi katika amri hiyo, kwa maoni yangu, ni lile la viwanja vya kujengea. Mtu binafsi hakupewa kiwanja kinachoelekea uwanja mkuu. Vyote viliwekwa kwa kanisa, kwa nyumba za mfalme na za mji, na kwa maduka ya wafanya biashara. Vilivyobaki viligawanywa kwa kura.

Nalipomaliza kuisoma amri hiyo nalitoka nikaulinganisha uwanja na maagizo, nikaona haviafikiani. Uwanja wa Antigua ni mraba, si mrefu. Barabara zake hutoka katika pembe tu, wala hazitoki katikati ya pande kama mfalme alivyoagiza. Pande ndizo zinazoelekea kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, si pembe. Na kanisa kuu limesimama uwanjani hasa, ingawa amri ilitaka katika miji ya bara lijengwe mbali kidogo na mahali palipoinuka. Nikamwuliza mwenyeji wangu sababu. Akacheka, akasema nitazame tarehe. Mji huu ulipimwa mwaka 1543, yaani miaka 30 kabla ya amri. Miji mingi mikubwa ya Kihispania katika Amerika, kama Meksiko na Lima, ilikuwa imekwisha jengwa amri ilipotoka. Kwa hiyo mfalme hakubuni jambo jipya kabisa. Alikusanya desturi iliyokuwa imekwisha kuenea, akaitengeneza na kuipa nguvu ya sheria. Wala Wahispania hawakuwa wa kwanza kuwa na viwanja katika nchi ile. Wakaqchikel, ambao ni Wamaya, walikuwa na mji wao mkuu uitwao Iximché, karibu na mahali paitwapo Tecpán leo. Magofu yake yapo, nayo yana viwanja vilivyozungukwa na mahekalu.

Ni huko Iximché Wahispania wakiongozwa na Pedro de Alvarado walikotangaza mji wao wa kwanza mwaka 1524, wakauita Santiago. Urafiki wao na Wakaqchikel haukudumu, kwa kuwa Alvarado aliwadai dhahabu nyingi mno, wakaasi. Mwaka 1527 Wahispania wakahamia bonde la Almolonga, chini kabisa ya mlima wa Agua. Hapo walikaa miaka 14. Mwaka 1541 Alvarado akafa vitani katika Meksiko, na mjane wake, Beatriz de la Cueva, akafanywa gavana mwezi wa Septemba. Hakutawala hata juma moja. Mvua kubwa ilikuwa ikinyesha, na usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 matope, mawe na miti vikaporomoka kutoka mlimani, vikaufunika mji. Beatriz alikufa ndani ya kanisa dogo alimokimbilia pamoja na wanawake wa nyumba yake. Baada ya msiba huo ndipo walipohamia bonde hili la Panchoy, na uwanja ninaoueleza ukapimwa.

Ni nani walioujenga? Mgeni akisoma vibao ataona majina ya magavana na wajenzi wakuu tu. Lakini mawe yalibebwa na watu, na watu hao walikuwa wenyeji. Wengi walikuwa watumwa waliotekwa vitani, mpaka Alonso López de Cerrato, mkuu wa mahakama kuu, alipowaacha huru watumwa wa Kimaya mnamo mwaka 1549, jambo lililomfanya achukiwe sana na Wahispania wenzake. Baada ya hapo wenyeji hawakuwa watumwa kwa jina, lakini vijiji viliagizwa kutoa watu kwa zamu kuja mjini kufanya kazi kwa ujira mdogo uliopangwa na serikali. Walikuwako Waafrika pia. Waliletwa kama watumwa tangu siku za mwanzo, wakawa watumishi wa nyumbani, mafundi na wafanya kazi katika mashamba ya miwa, na watoto wao waliochanganyika na wenyeji na Wahispania wakawa sehemu kubwa ya watu wa mji. Utumwa ulikomeshwa katika nchi zile mwaka 1824, baada ya kujitoa katika utawala wa Hispania. Nalitafuta uwanjani kumbukumbu yao nisiione.

Kutoka nyumba ile yenye matao zilitawaliwa nchi zote kuanzia Chiapas, ambayo leo ni sehemu ya Meksiko, mpaka Costa Rica. Mji ulikuwa na matbaa tangu mwaka 1660 na chuo kikuu tangu mwaka 1676. Na uwanja ulikuwa wa kila kazi. Wanawake wa vijijini waliuza humo mahindi, maharagwe, kuku na vyungu; askari walifanya gwaride; ng'ombe dume walichezwa siku za sikukuu; wahalifu waliadhibiwa mbele ya watu; na asubuhi na jioni watu walikuja kuteka maji.

Habari ya maji inahitaji maneno machache. Katikati ya uwanja iko chemchemi ya mawe, na kuizunguka wamesimama wanawake wa mawe wakiyashika matiti yao, nayo ndiyo yanayotoa maji. Najua baadhi ya wanafunzi watacheka, lakini watu wa pale wamekwisha zoea, na bibi mzee hupita na wajukuu wake asigeuze hata shingo. Chemchemi ya kwanza ya namna hiyo ilijengwa mwaka 1738 na mjenzi mkuu wa mji, Diego de Porres. Hii ya sasa ilitengenezwa upya katika karne ya 20. Maji yaliletwa kutoka milimani kwa mifereji, yakagawanywa kwa chemchemi za mitaa, nyumba za watawa na matajiri. Mtu maskini alitegemea chemchemi ya uwanja.

Sasa nifike kwenye tetemeko la ardhi la mwaka 1773, ambalo watu wa Antigua huliongea mpaka leo kama jambo la juzi. Matetemeko yalikuwapo kabla, na yale ya mwaka 1717 na 1751 yalivunja majengo mengi. Kila mara mji ulijengwa tena, na kila mara kuta zilifanywa nene zaidi na nguzo fupi zaidi. Ndiyo sababu majengo ya pale yanaonekana kama yamechuchumaa. Nyumba ya baraza la mji, iliyomalizika mwaka 1743, ina kuta nene kama za ngome. Tarehe 29 Julai 1773, sikukuu ya Mtakatifu Martha, ardhi ilitetemeka mchana. Tetemeko la kwanza liliwafanya watu watoke nje. Likafuata jingine kubwa zaidi likaangusha nyumba zilizoachwa tupu. Kama lile dogo halingetangulia, waliokufa wangekuwa wengi zaidi. Hata hivyo walikufa mamia, na maradhi na njaa vikaongeza idadi.

Gavana wakati ule alikuwa Martín de Mayorga. Yeye alisema mji uhamishwe kabisa, kwa kuwa hapana sababu ya kujenga mara nyingine mahali panapoanguka kila baada ya miaka 20. Askofu Mkuu, Pedro Cortés y Larraz, alipinga. Sababu zake zilikuwa mbili, na si haki kutaja moja tu. Kwanza, maskini hawakuwa na uwezo wa kuhama na kuanza upya. Pili, nyumba za watawa na makanisa zilikuwa zimekopesha fedha nyingi kwa wenye nyumba, na nyumba hizo ndizo zilizokuwa rehani. Mji ukiachwa, rehani zinakuwa kifusi na kanisa linapoteza mapato yake. Watu wakagawanyika makundi mawili, kundi la kuhama na kundi la kubaki, na ugomvi ukadumu miaka.

Mfalme alikubaliana na gavana. Mwaka 1776 mji mkuu mpya ulianzishwa rasmi katika bonde jingine, kiasi cha kilometa 40 kwa barabara, nao ndio Guatemala City ya leo. Kisha zikaja amri za kuwalazimisha watu. Milango, madirisha, kengele na vitu vingine viling'olewa vikapelekwa kujenga mji mpya. Sanamu za watakatifu zilichukuliwa. Mafundi waliagizwa kuhama. Askofu Mkuu alikataa kuondoka mpaka mwaka 1779, alipowekwa mwingine mahali pake.

Lakini si wote waliohama. Mji ulioachwa ukaitwa Antigua, maana yake ya Kale, na watu waliobaki, wengi wao maskini, waliendelea kuteka maji na kuuza mahindi uwanjani, magofu yamewazunguka pande zote. Mimi nalipokuwa nikisikiliza habari hizi nilielekea kumwunga mkono gavana, kwa kuwa mtu mwenye akili hujenga mahali salama. Ndipo mwenyeji wangu aliponieleza yaliyoupata mji mpya. Kati ya Desemba 1917 na Januari 1918 matetemeko yaliuvunja. Na tarehe 4 Februari 1976 likaja tetemeko lililoua watu kama 23,000 katika nchi nzima, likaharibu mji mkuu na Antigua vilevile. Watu walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka mahali pa hatari wakapelekwa mahali pengine pa hatari. Siwezi kumlaumu Mayorga, kwa sababu elimu ya matetemeko haikuwapo siku zake. Ila wale waliong'olewa milango yao walikuwa na haki ya kunung'unika.

Jambo la ajabu ni kwamba kuachwa kwake ndiko kulikouhifadhi mji. Hapakuwa na fedha za kubomoa ya zamani na kujenga mapya. Serikali iliufanya kuwa urithi wa taifa mwaka 1944, ikatunga sheria maalum ya kuulinda mwaka 1969, na mwaka 1979 ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mwenye nyumba hana ruhusa kuongeza ghorofa wala kubadili uso wa nyumba apendavyo. Kanisa kuu nalo lina siri yake. Uso wake unaoelekea uwanja ni mzima, na ndani ya sehemu ya mbele ibada zinaendelea; lakini ukizunguka nyuma unakuta kanisa lile kubwa, lililowekwa wakfu mwaka 1680, limesimama bila paa, matao yake yamekatika, na vipande vya nguzo vimelala chini vikubwa kuliko gari. Nalisimama humo muda mrefu. Hapakuwa na sauti ila ya njiwa.

Uwanja leo ni bustani yenye miti na viti vya kukalia. Imo mijakaranda kama ile ya Nairobi, nayo huchanua zambarau mwanzoni mwa mwaka. Vijana wenye masanduku ya rangi hung'arisha viatu. Watalii wako wengi, pengine wengi mno. Na juu ya miteremko ya bonde iko mibuni, imepandwa chini ya kivuli cha migrevilea, hata nikadhani nimefika Kilimanjaro.

Soko liliondolewa uwanjani mapema katika karne ya 20. Wanawake wa Kimaya bado huja kutoka San Antonio Aguas Calientes na vijiji vingine, wamevaa blauzi walizozifuma wenyewe, na kila kijiji kina nakshi zake. Mmoja alinionyesha kitambaa kilichomchukua miezi mitatu. Alikuwa amesimama. Nikamkaribisha akae kwenye kiti, akakataa, akasema kwamba wachuuzi hawaruhusiwi kutandaza vitu hapo, na akiketi ataambiwa ameanza kuuza. Akitembea hana kosa. Basi alitembea mchana kutwa, mzigo begani, katika uwanja ambamo bibi zake walikuwa wakikaa chini na bidhaa zao kwa karne nyingi. Nalinunua kitambaa kwa bei aliyoitaja, bila kuomba punguzo. Hakika nalitamani watu wenye amri wampe hata pembe moja.

Siku ya mwisho nalikwenda kuliona soko lenyewe, lililo upande wa magharibi wa mji karibu na kituo cha mabasi. Mabasi hayo yalikuwa ya wanafunzi wa Marekani. Yakizeeka huko huletwa Guatemala, yakapakwa rangi za kila namna na kupewa majina. Sokoni nalikuta mahindi meupe, ya manjano na meusi, maharagwe, maparachichi, pilipili, maua, kuku waliofungwa miguu, na wanawake wameketi chini pande zote wakipanga nyanya kwa mafungu kama kwetu.